Sanamu Mbili za Dar es Salaam

Wasomaji wetu wengi wamepata kufika Dar es Salaam, na asiyefika amesikia habari zake. Mtu akitoka pwani ya bandari na kuifuata Barabara ya Azikiwe hata ikutanapo na Barabara ya Samora, ataona katikati ya njia panda askari wa shaba ameshika bunduki, na singe yake imeelekea bandarini. Magari humzunguka mchana kutwa. Watu humtaja wanapoelekezana njia, lakini ni wachache wasimamao kumtazama. Twapenda kueleza habari zake, pamoja na za sanamu nyingine iliyokuwa katika mji huu kabla yake; kwa kuwa watoto hutuuliza, na haifai mwalimu kujibu kwa kukisia.

Sanamu ile ya kwanza ilikuwa ya Mjerumani, Hermann von Wissmann. Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani ilimtuma kuwapiga watu wa pwani walioinuka kuikataa kampuni ya Kijerumani iliyotaka kuwatawala na kuwatoza ushuru. Askari wake walikuwa wa kuajiriwa: Wasudani walioandikwa huko Misri, na Wazulu waliotoka Msumbiji. Abushiri bin Salim, mkubwa wa walioinuka, alikamatwa akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Bwana Heri wa Saadani akasalimu amri mwaka uliofuata. Hivyo ndivyo msingi wa utawala wa Wajerumani ulivyowekwa pwani. Wissmann akawa gavana mwaka 1895 hata 1896, akafa mwaka 1905.

Mwaka 1909 wenzake wakamsimamishia sanamu. Yeye alikuwa juu ya jiwe, amesimama wima. Chini yake alikuwapo askari Mwafrika, amemwinulia macho bwana wake, huku akiishusha bendera ya Kijerumani juu ya simba aliyekufa. Aliyetazama hakuhitaji kusoma herufi hata moja ili aelewe. Bwana yuko juu, mtumishi yuko chini, na simba, ambaye kwetu ni mfano wa nguvu ya nchi, amelala hana pumzi.

Sanamu hiyo haikudumu. Waingereza waliingia Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, nao wakaichukua hata London kama nyara za vita. Baadaye Wajerumani wakarudishiwa, wakaisimamisha Hamburg penye chuo kikuu mwaka 1922. Mwaka 1967 wanafunzi wa chuo hicho wakaiangusha. Ikainuliwa, mwaka 1968 wakaiangusha tena, na tangu hapo haikurudishwa mahali pake. Ilitiwa ghalani, ikawa hutolewa kwa maonyesho tu. Na tuangalie jambo hili: walioiangusha hawakuwa wajukuu wa Abushiri, bali vijana wa nchi yake mwenyewe Wissmann.

Sanamu ya pili, ndiyo ile iliyopo leo, Waingereza waliizindua mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa vita ya 1914 hata 1918. Aliyeifanya ni James Alexander Stevenson, na maneno yake ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Ya Kiswahili na ya Kiarabu yapo pia. Hapa askari hayupo tena chini ya miguu ya mtu. Amesimama peke yake, na uso wake watazama mbele. Lakini jina lake halikuandikwa, wala la mwenziwe yeyote.

Tena, maandishi yawataja wapagazi, bali mpagazi mwenyewe hakuchongwa. Huko Nairobi zipo sanamu tatu pamoja, na mmoja wao ni mpagazi. Hapa yuko askari tu. Nao wapagazi ndio walioteseka kuliko wote. Pande zote mbili za vita ziliwatwaa vijijini, kwa kuwa penye mbung'o ng'ombe na farasi hufa, ikabidi chakula na risasi zichukuliwe vichwani mwa watu. Makumi ya maelfu walikufa, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi.

Basi tukitoka penye sanamu, tukapita Mnazi Mmoja, tutafika Kariakoo. Waingereza walikiita kikosi cha wapagazi Carrier Corps. Ndimi zetu zikalitamka jina hilo Kariakoo, na mahali palipokuwa kambi yao pakaitwa hivyo hata leo. Kila siku maelfu ya watu hulitaja wakienda kununua nguo na mchele, wala hawajui kwamba wanawataja marehemu.

Walimu wenzetu, mkiwapeleka watoto kuitazama sanamu yoyote, msiwafundishe jina na mwaka tu. Waulizeni ni nani aliyeiweka, na ni nani aliyeachwa. Nanyi wazazi, waulizeni wazee wa ukoo kama yuko wa kwenu aliyechukua mizigo katika vita ile, na alitoka kijiji gani, na kama alirudi. Mkilipata jina lake, liandikeni katika daftari la nyumbani pamoja na majina ya watoto wenu, kwa maana shaba haikumwandika.