Mtangawanda: Kasa na Sura Zao

Aendaye Pate hupanga safari yake kwa maji. Mashua zitokazo Amu hupita Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara wenye mikoko kushoto na kulia, na maji yakitoka hupwelewa. Ukishapita, bahari hukunjuka, na mbele yako ni Mtangawanda, gati la abiria wa mji wa Pate.

Katika maji haya kasa huinua kichwa akavuta pumzi, kisha akazama. Kwetu sisi kasa ni kasa. Kumbe magamba ya shavuni mwake hayafanani na ya mwenziwe; hata shavu lake la kushoto si sawa na la kulia. Zamani watafiti walimvika kibati pezini, nacho mara nyingi kiling'oka. Siku hizi hupigwa picha, na programu ya akili bandia ikalinganisha magamba hayo na picha zilizowekwa akiba, ikatambua kuwa huyu alikwisha kuonekana.

Papa shilingi naye, ambaye wazee husimulia kuwa alirushiwa sarafu mgongoni kutoka mbinguni, hutambuliwa kwa madoa yake. Ajabu ni kwamba hesabu zitumikazo zilitoka katika ilimu ya falaki, ambako zilibuniwa kwa kulinganisha nyota. Huko bara, Januari 2016, watu wa kawaida waliwapiga picha punda milia wa Grevy, kompyuta ikawapambanua kwa milia, na idadi ikakadiriwa kuwa 2,350. Suratul An'am, aya ya 38, yatufahamisha kuwa wanyama ni umma mfano wetu. Sasa twaanza kuwajua mmoja mmoja.

Lakini picha ya simu huweza kubeba mahali na saa ilipopigwa. Ikiangukia mikono mibaya, itamwonyesha mwizi wa mayai kilipo kiota. Tena kamera ya ufuoni haichagui: kina mama washukao kuokota kombe nao wana sitara yao, na haifai itundikwe kabla wao kuulizwa. Shela, ambako viota vimelindwa tangu 1992, mlinzi hadi leo ni mtu.

Na mvuvi amtoaye kasa wavuni ili apigwe picha na kurudishwa baharini, aghlabu hubaki na wavu uliopasuka. Programu humhesabu kasa. Uzi wa kushonea hununua mvuvi.