Soseji ya dola nane na chikanda ya kambo

Siku ya Posho iliyopita binti yangu alileta karatasi ya shule: amepita. Nilikuwa nimemwahidi kwamba akipita atachagua chakula mwenyewe. Nilidhani atasema kuku. Akasema, "Papa, minataka hotidogi."

Basi tukatoka Katuba, tukapanda teksi hadi katikati ya mji, kwenye mgahawa mmoja mdogo wenye viti vya plastiki na ubao wa bei ulioandikwa kwa dola. Kulikuwa na hotidogi za aina nne. Tuliagiza moja ya dola nane, tugawane. Ikaja juu ya kibao: mkate laini uliopakwa siagi na kuchomwa kidogo, soseji nene ya ng'ombe, vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vitamu, haradali na jibini iliyoyeyuka. Sitawadanganya, wasomaji wangu: ilikuwa tamu. Mpishi alituambia soseji inatoka Zambia kupitia Kasumbalesa, kama vitu vingi tunavyokula hapa.

Binti yangu alitafuna, akafikiri, kisha akasema, "Ni muzuri. Inafanana na chikanda ya kambo."

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Kambo wake, yaani mama yangu, alitusomesha watoto watano kwa chikanda. Kwenye soko la Kenya alinunua vile viazi vidogo vilivyokaushwa vya okidi, maua ya porini yanayoota kwenye mabonde yenye maji. Alivitwanga, akachanganya na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi kidogo, akakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha alifunika sufuria na kuweka makaa juu ya mfuniko ili iive pande zote. Ikipoa, aliikata vipande kama soseji. Haina nyama hata kidogo, lakini meno hayaamini.

Siku hizi hapiki sana, kwa sababu viazi vimekuwa ghali. Ukichimba kiazi umeua mmea, na okidi haina haraka ya kukua. Kule Tanzania, ambako vilichimbwa kwa wingi kwa ajili ya walaji wa Zambia, uwanda wa Kitulo ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na kuyalinda maua hayo ni sababu mojawapo. Sisi walaji wa hapa tunauliza bei tu. Hatuulizi kiazi kimetoka bonde gani, wala kama kuna kilichobaki.

Wakati wa kurudi nilisimama kwa mama mmoja anayeuza chikanda kando ya barabara. Alitaja bei ya kipande. Mdomo wangu ulikuwa tayari kusema, "Mama, punguza," kama nilivyozoea miaka yote. Nikakumbuka kwamba saa moja kabla nilikuwa nimelipa dola nane bila kuuliza hata swali moja.

"Viazi njo haba, papa," akasema, kama aliyesikia mawazo yangu. "Mwaka kesho sijui kama nitauzisha tena."

Nililipa alichotaja. Binti yangu alitoa mkate uliobaki wa hotidogi, akaweka chikanda katikati, akala yote. Hakunibakizia.