Kupigana na Kupigania

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa kurasa mbili za Kiingereza nizitie katika Kiswahili. Zilihusu mfuko wa hisani wa mji wa Washington, Marekani, uitwao Fight for Children, na karamu yake ya kila mwaka ambayo wageni huvaa suti nyeusi za usiku na tai za kipepeo, wakala, kisha wakatazama ngumi. Nilidhani ni kazi ya saa moja. Usiku uliniishia kwenye jina. Kiswahili hakimwachii mfasiri ajifiche: ama watu wanapigana, ama wanapigania. Baina ya maneno hayo mawili ipo irabu moja tu, lakini irabu hiyo ina uzito wa mtu mzima.

Mfuko huo uliasisiwa mwaka 1990 na Joseph E. Robert Jr., tajiri wa biashara ya majumba aliyefungua kampuni yake mwaka 1981 na kunawiri kwa mali zilizokwama katika madeni, wakati vyama vya akiba na mikopo vya nchi ile vilipokuwa vikifilisika. Naye katika ujana wake alipata kuvaa glavu. Mwaka huo wa 1990 Washington, mji wa watu wapatao laki sita, ulizika zaidi ya watu 400 waliouawa. Biashara ya kokeini ilikuwa imevamia mitaa ya maskini, ilhali Ikulu na Bunge hazikuwa mbali. Robert akawaalika matajiri wenzake wale, wanywe, wavute sigaa, watazame mabondia, na fedha ziende katika elimu na afya ya watoto wasiojiweza. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Usiku wa Ngumi.

Kwa miaka mingi karamu hiyo iliandaliwa katika hoteli ya Washington Hilton, ile ile ambayo nje ya mlango wake Rais Reagan alipigwa risasi Machi 1981. Ulingo ulisimamishwa katikati ya ukumbi, meza zikauzunguka. Mabingwa wa zamani walikaribishwa wapigiwe makofi, wakiwemo Joe Frazier na Sugar Ray Leonard, ambaye alikulia Palmer Park, jirani kabisa na mji huo, na akaleta nyumbani dhahabu ya Olimpiki ya mwaka 1976.

Ada hiyo ya kula kwa suti na kutazama ngumi haikuanzia Marekani. London ilikuwa nayo zamani. Mwaka 1891 ilifunguliwa klabu ya National Sporting Club katika mtaa wa King Street, Covent Garden. Wanachama walikula kwanza, kisha wakaketi kando ya ulingo kwa mavazi ya jioni, na sharti lao kubwa lilikuwa ukimya. Raundi ikiendelea, asiseme mtu. Nimeufikiria sana ukimya huo. Ukumbi mzima wa waungwana umenyamaza, na kinachosikika ni pumzi za vijana wawili na ngozi ya glavu juu ya mfupa.

Hapa, msomaji wangu, inanipasa nikiri kwamba sikuzisoma kurasa zile kwa moyo mweupe. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, wafadhili walikuja skulini kwetu kukabidhi madawati. Mimi nilichaguliwa kughani shairi la shukrani. Mama alikesha kwenye cherehani ya jirani akinishonea shati jipya. Asubuhi mwalimu alinitazama, akanivua lile shati, akanivisha kuukuu la mwenzangu lililochanika begani, ili wageni, alivyosema, wapate kuona. Nikaghani. Wageni wakapiga makofi, mmoja akapangusa machozi. Mama alikuwa amesimama nje ya dirisha. Hakuniuliza lolote, wala shati lile sikulivaa tena. Madawati yalikuwa mazuri, na miaka miwili nililikalia moja kwa raha. Ndiyo sababu jambo hili linanitatiza mpaka leo: sadaka ile ilinifaa, na ilinivunja.

Basi nilipousoma Usiku wa Ngumi, jicho langu halikwenda kwa matajiri. Lilimtafuta kijana wa ulingoni. Aghalabu bondia hutoka katika mitaa ile ile inayochangiwa. Yeye apigane, mwenye tai apiganie, na mtoto wa mbali apiganiwe. Kitenzi kimoja kimewagawa watu katika madaraja matatu.

Lipo na daraja la nne. Kwa miaka mingi karamu ile ilikuwa ya wanaume. Katika miaka ya 1990 baadhi ya wanawake wa mji, waliochoka kubaki nyumbani, walianza kuandaa karamu yao usiku uo huo, wakaiita Knock Out Abuse Against Women, na michango yake ikawa ya wanawake wanaoteswa majumbani. Hapo kitenzi chetu kikatimia kwa kauli yake iliyo chungu kuliko zote: kupigwa. Upande mmoja wa mji ngumi ni burudani yenye mwamuzi na kengele. Upande wa pili wanazungumzwa wale ambao ngumi zao hazina kengele wala mwamuzi.

Sisi wa Zanzibar tulikuwa na hukumu yetu juu ya ngumi. Zilipigwa marufuku baada ya Mapinduzi ya 1964, na katazo hilo likadumu zaidi ya nusu karne, hadi lilipoondolewa na Rais Hussein Ali Mwinyi katika miaka hii ya 2020. Kizazi changu kilikua bila ya ulingo. Lakini hatukukua bila ya kujua kwamba mapigo yaweza kuwa na adabu. Kila Julai, katika Mwaka Kogwa wa Makunduchi, wanaume hupigana kwa mabua ya migomba, wazitoe nyongo za mwaka uliopita, kisha wale pamoja. Pale hakuna atazamae kutoka mezani. Apigae leo ndiye apigwae baada ya dakika moja.

Pengine hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta kwa Robert, na kwa haki nimpe alichostahiki. Hakuwa mtu wa kutupa sarafu akapita. Mwanawe alitibiwa katika hospitali ya watoto ya Washington, naye akaitunuku dola milioni 25 kwa ajili ya upasuaji. Mwaka 2009, yeye akiwa mshenga, serikali ya Abu Dhabi ikaipa hospitali hiyo dola milioni 150, ikajengwa taasisi yenye jina la Sheikh Zayed. Alihimiza pia mpango wa serikali wa kuwalipia watoto maskini karo za skuli binafsi, uliopitishwa mwaka 2004. Wako waliomshukuru, wako waliosema unazidhoofisha skuli za umma. Saratani ya ubongo ilimchukua Desemba 2011, akiwa na miaka 59. Mtoto aliyepona juu ya kitanda cha upasuaji hana haja ya kujua nani alivaa tai ya rangi gani.

Lakini mtoto aliyesimamishwa mbele ya wageni ana haja ya kujua. Kwa hiyo sasa ninapoulizwa juu ya hisani, siulizi tena kama ilitangazwa au ilifichwa, wala kama mtoaji alikuwa akifurahi alipotoa. Nauliza tu: aliyepiganiwa aliachiwa shati lake?

Tafsiri niliirudisha kwa jina la “Kuwapigania Watoto”. Ni sahihi, na bado hainiridhishi. Chini ya karatasi yangu mwenyewe, isiyokwenda kwa mtu, niliandika beti hili:

Mpiganaji ni nani, apigae, apigwae?
Au ni wa kivulini, mezani atazamae?
Au ni mama nyumbani, kwa machozi alalae?
Mwenye jawabu moyoni, mwana apiganiwae.