Dawa Si Humezwa?

Wiki ya tatu tangu nimtumie dawa, Mama alinipigia simu kutoka Mogogosiek kulalamika.

"Nameza moja asubuhi, moja jioni, vile uliandika," alisema, kisha akakohoa mpaka nikaondoa simu sikioni. "Lakini kifua ni kile kile."

"Unameza?"

"Sasa dawa si humezwa?"

Nilikaa kitandani nikakosa la kusema. Dawa yenyewe ilikuwa poda ndani ya kapsuli. Kapsuli unaitia kwenye inhela, kifaa kidogo cha plastiki, unaitoboa, halafu unavuta ile poda kwa mdomo hadi mapafuni. Nilimuuliza kile kifaa kiko wapi. Kabatini, akasema, pamoja na vikombe vya wageni. Alidhani ni kifuniko cha kitu fulani nilichosahau kutuma.

Kinachoniuma ni kwamba mimi nilisomea uhandisi wa mitambo. Kabla ya kuituma ile inhela niliitenganisha mezani, nikaichungulia kwa tochi ya simu, nikasoma usiku kucha jinsi inavyofanya kazi. Ni kitu cha ajabu. Chembe ya dawa ikiwa kubwa, inagonga koo na kubaki hapo. Ikiwa ndogo mno, unaivuta na kuitoa tena kama moshi. Inayotakiwa ni ya kati ya mikroni 1 na 5, wakati unywele mmoja wa kichwa una unene wa kama mikroni 70. Shida ni kwamba poda laini hivyo hushikana. Kwa hivyo dawa hubandikwa juu ya chembe kubwa za laktosi, yaani sukari ya maziwa. Ukivuta kwa nguvu, hewa inavurugika ndani ya kifaa, dawa inabanduka na kuendelea na safari, sukari inabaki mdomoni na kooni. Hakuna gesi, hakuna betri. Injini ni pumzi ya mgonjwa.

Yaani mtu aliyepungukiwa na pumzi ndiye anayeombwa pumzi.

Hayo yote niliyajua. Kwenye bahasha niliandika "moja asubuhi, moja jioni", nikaipeleka stendi ya matatu za Bomet, nikarudi kazini nikijiona mtoto mzuri. Aliyeniuzia dawa alikuwa amenionyesha mimi, kwa nusu dakika. Mama hakuwepo.

Mama alifanya kazi miaka kumi na sita kwenye kiwanda cha chai, chumba cha kuchambua. Chai ikishakaushwa hupitishwa kwenye vichungio vinavyotetemeka na kugawanywa kwa ukubwa: BP1, PF1, PD, na chini kabisa Dust, ambayo ni vumbi kwa jina na kwa sura. Alirudi nyumbani nyusi zikiwa za kahawia. Tulimcheka. Kwamba vumbi la chai linaweza kumletea pumu anayelifanyia kazi, madaktari wamelijua kwa miaka mingi; sisi tulijua tu kwamba lililipa karo. Daktari aliyempima hakusema chanzo ni chai. Hakusema si chai pia.

Usiku ule nilikumbuka jina nililokutana nalo nikisoma: Roger Altounyan, daktari aliyezaliwa Syria mwaka 1922, naye akiwa na pumu. Akiwa Uingereza alijaribu dawa mpya kwenye mapafu yake mwenyewe. Alijiletea shambulio makusudi, kisha akapima kama dawa imelizuia. Iliyofaa ilikuwa poda, kwa hivyo ikahitaji kifaa. Alikuwa amewahi kufundisha marubani wa kivita, na kile kifaa alichobuni miaka ya 1960 kilikuwa na propela ndogo iliyozungusha kapsuli mtu alipovuta. Mbunifu na mgonjwa walikuwa mtu mmoja, kwa hivyo hakukuwa na haja ya maelezo. Mimi na Mama tulikuwa na zaidi ya kilomita 200 katikati yetu, na karatasi yenye maneno manne.

Ijumaa nikapanda matatu.

Nilifika mvua ya alasiri ikinyesha, kama kawaida ya kwetu. Kapsuli alikuwa amezitoa zote kwenye karatasi zake za fedha na kuzitia kwenye kopo la majani chai, juu ya jiko, pale mvuke wa sufuria unapopita. Poda hii haipendi unyevu, na ikishikana haifiki popote. Nikazitupa, nikafungua pakiti mpya.

Mara ya kwanza alipuliza. Poda ikaturukia usoni, tukacheka.

"Usipulize, Mama. Vuta. Haraka na kwa nguvu."

"Nivute kama nini?"

Nikafikiria. "Unakumbuka wale wa kuonja chai kiwandani?"

Uso wake ukafunguka. Wale waonja chai huvuta kijiko kizima kwa mkupuo, kwa kelele ambayo angetuchapa nayo mezani. Alitoa pumzi pembeni, akaweka kifaa mdomoni, akavuta. Kapsuli ikalia tatatata ndani ya plastiki. Nikahesabu hadi kumi, akaachilia.

"Ni tamu kidogo," alisema.

"Hiyo ni sukari tu. Dawa yenyewe imeshapita."

Kabla ya kuondoka nilimchorea hatua zote kwenye karatasi, michoro mitupu bila neno hata moja, tukaibandika kwenye mlango wa kabati.

Jumapili iliyofuata akanipigia. Kikohozi kilikuwepo, lakini alimaliza sentensi zake. Habari aliyotaka kunipa ilikuwa nyingine: jirani, aliyefanya kazi naye chumba kile kile, alikuwa ameandikiwa kapsuli kama zake.

"Na alikuwa anafanya nazo nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Alikuwa anameza," Mama alisema. "Nimemwonyesha."