Chumvi katika maji ya samaki

Wamama wenzetu, tangu vikundi vyetu vianze kufuga samaki, hatukosi mtu wa kutuletea dawa mpya. Safari hii dawa ni chumvi. Kwenye mkutano wetu pametolewa wazo kwamba sanduku la kikundi lifunguliwe, tununue mifuko ya chumvi, tuimwage bwawani ili tilapia wasiugue. Kabla ya kufungua sanduku, tupige hesabu.

Damu ya samaki wa mito na maziwa ina chumvi kuliko maji anamoishi. Kwa hiyo maji yanaingia mwilini mwake usiku na mchana, hasa kupitia mashavu, na chumvi yake inatoka. Ndiyo maana anakojoa sana, huku mashavu yakifanya kazi ya kurudisha chumvi kidogo kidogo kutoka majini. Akiwa mzima, kazi hiyo anaiweza. Lakini akivuliwa kwa wavu, akashikwa mikononi, akabebwa ndani ya bidoni juu ya pikipiki, ule ute wa mwili unafutika, magamba yanang'oka, na chumvi inampungukia sana. Vifaranga wengine hawafi njiani. Wanakufa siku mbili tatu baada ya kufika, nasi tunamlaumu aliyetuuzia.

Hapo ndipo chumvi ina faida. Gramu 3 kwa kila lita ya maji ya safari zinampunguzia samaki ile kazi. Bidoni ya lita 20 inataka gramu 60, karibu vijiko 4 vya supu vilivyosawazishwa. Chumvi ya jikoni inafaa, ila iyeyushwe kwanza kabla ya samaki kuingia. Samaki mwenye ukungu mweupe kama pamba anaweza pia kuogeshwa katika beseni lenye gramu 10 kwa lita, isizidi nusu saa, na mtu asiondoke pale. Akianza kulala ubavu, atolewe mara moja. Kambale havumilii chumvi kama tilapia.

Sasa bwawa lenyewe. Bwawa la are moja, yaani mita 100 za mraba, lenye kina cha sentimita 80, lina lita 80,000. Kwa gramu 3 kwa lita, ni kilo 240 za chumvi! Na hilo ni bwawa dogo. Tena chumvi haikauki na jua: maji yanapungua, yenyewe inabaki. Maji hayo hayo ndiyo tunayomwagilia lengalenga na maharagi, na maharagi hayapendi kabisa udongo wenye chumvi. Tutaponya samaki tuue bustani?

Isitoshe, chumvi haileti hewa majini. Samaki wakija juu alfajiri wakihema, tatizo mara nyingi ni samadi nyingi na chakula kilichooza chini. Tupunguze vyote viwili, tuingize maji mapya.

Kuhusu mifuko, basi, sisi tunasema hapana. Kilo moja inatosha bidoni 16 siku ya kubeba vifaranga, na kilo moja haihitaji kufungua sanduku. Pesa ile tungependa mkutano ujao uifikirie kwa wavu wa kufunika bwawa, maana wale ndege wanakula samaki wazima, hawachagui wagonjwa.