Kichwa cha Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipoanguka mwembeni, mama alisikia hospitalini kwamba kichwa chake kitakatwa vipande vipande, akalia sana, maskini. Kumbe hukatwa kwa picha tu! Mashine ya eksirei humzunguka mgonjwa ikitoa picha nyembamba nyingi, kama mkate uliokatwa. Kisha kompyuta huzipanga moja juu ya nyingine, hata fuvu zima likaonekana, likageuzwa huku na huku. Mwingereza Godfrey Hounsfield ndiye aliyeibuni. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hizo London mwaka 1971.

Basi daktari akatuonyesha damu iliyoganda chini ya mfupa. Katika picha moja ilikuwa alama ndogo; zilipounganishwa, tukaona ukubwa wake. Mama akanyamaza, akatia dole gumba kukubali upasuaji.