Punda Katika Daftari la Hesabu

Farasi husifiwa, punda hutumiwa. Ukitaka kuhakikisha neno hili, msomaji, tazama vitabu. Farasi amepewa picha za rangi, mashairi na majarida yake mwenyewe; punda amepewa methali, nayo si ya kumpendeza: shukrani yake, twaambiwa, ni mateke. Nadhani aliyeitunga alikuwa na kisima mlangoni pake. Watu wa Lamu, ambao vichochoro vyao havipitishi gari, wana kituo cha kuwatunza na kuwatibu punda tangu mwaka 1987, na sijui kama wao wangeitunga methali ile.

Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu nilikuwa na kazi mbili katika muhula mmoja, na zote mbili zilinipeleka kwa mnyama huyu. Ya kwanza ilikuwa ya somo la biashara: kila mmoja wetu achague biashara ndogo, aipime kama ni endelevu. Ya pili niliitafuta mwenyewe. Nilipenda kuandika, nikatamani kupeleka makala katika jarida la wapenda farasi.

Biashara endelevu ni jina zito la jambo ambalo kila mchungaji analijua. Ukinywa maziwa, ng'ombe yupo. Ukila ng'ombe, maziwa hayapo. Biashara ya namna hii hula kinachozaliwa na kuacha kinachozaa. Tena haipati faida kwa kumnyonya mtu, mnyama au ardhi ambayo haikuandikwa katika daftari lake. Sharti hili la pili ndilo gumu, kwa maana madaftari mengi yana tabia ya kusahau.

Nilimchagua mzee mmoja wa Naivasha aliyeuza maji kwa mkokoteni wa punda. Hiyo ilikuwa mwaka 2017. Mkokoteni wake ulichukua mitungi 10 ya lita 20, yaani kilo 200 za maji, bila kuhesabu mbao na magurudumu. Aliuza kila mtungi kwa shilingi 10, akaenda safari 5 kwa siku. Basi akapata shilingi 500. Ukiondoa 100 za kununua maji, na 100 nyingine za majani, pumba na matengenezo, zilibaki 300. Punda wake alimnunua kwa shilingi 6,000. Siku zile wanunuzi walikuwa wakija na 12,000 mkononi.

"Gawanya, mwalimu," aliniambia, ingawa nilikuwa bado sijawa mwalimu. Niligawanya, nikapata siku 40.

"Haya," akasema. "Na siku ya 41 nani atavuta? Mimi?"

Bei ile ilipandishwa na jambo lililotoka mbali. Nchini China ngozi ya punda huchemshwa ikatoa kitu kama gundi, nacho hutengenezewa dawa ya asili iitwayo ejiao. Punda wa China walipopungua, wanunuzi waliigeukia Afrika. Kuanzia mwaka 2016 vichinjio vya punda vilifunguliwa katika Kenya, hata vikafika vinne: Baringo, Nakuru, Machakos na Turkana. Uchunguzi wa taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo na mifugo, uliotolewa mwaka 2019, ulionyesha kuwa punda zaidi ya 300,000 walichinjwa kati ya mwaka 2016 na 2018. Sasa weka kando yake hesabu ya punda jike: hubeba mimba kwa muda wa mwaka mzima hivi, huzaa mtoto mmoja, na mtoto huyo hafai kutiwa mkokotenini mpaka afikishe miaka kama minne. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda kama milioni 1.8 nchini, ile ya mwaka 2019 ilihesabu kama milioni 1.2.

Sisemi kwamba vichinjio havikuleta kitu. Viliajiri vijana, na mwenye punda aliyechoka alipata bei ambayo hajapata kuiota. Lakini bei nzuri ya mchana huzaa mwizi wa usiku. Jirani wa mzee wangu, mama aliyemlipia mwanawe karo ya kidato cha pili kwa mkokoteni, aliamka asubuhi akakuta kamba imekatwa. Mzoga ulionekana kichakani, nyama imeachwa, ngozi haipo. Kwa miezi miwili mama huyo alibeba maji mgongoni, mtungi mmoja mmoja. Safari moja ya punda ikawa safari zake 10. Hesabu ya namna hiyo haikuandikwa katika daftari la kichinjio chochote.

Hayo ndiyo niliyoyaandikia jarida. Makala yalirudi na barua fupi yenye adabu: wasomaji wetu ni wapenda farasi. Barua ile haikunikalia moyoni sana, bali ilinipeleka maktabani, nikataka kujua hao waliomwandika farasi vema walimwandika namna gani. Nikakutana na Anna Sewell.

Bibi huyu Mwingereza aliumia mguu akiwa na umri wa miaka 14 hivi, na tangu hapo alitegemea kigari cha farasi kwa mwendo. Alipokuwa mgonjwa, hawezi kutoka nyumbani, aliandika kitabu kimoja tu, Black Beauty, kilichochapishwa mwaka 1877. Akafa mwaka 1878. Msimulizi ni farasi mwenyewe. Wala si farasi wa mashindano, msomaji. Sehemu kubwa ya maisha yake ni kazi, na kwa muda huvuta gari la kukodi katika London. Bibi Sewell anaeleza hatamu ya fahari iliyovuta kichwa cha farasi juu ili apendeze, naye asiweze kukiinamisha apandapo mlima. Anaeleza pia habari za Jerry Barker, dereva anayekataa kazi ya Jumapili ili yeye na farasi wake wapumzike, hata akampoteza kwa muda mteja mwema. Hapo nikaona kwamba makala yangu hayakuwa ugenini. Kitabu kipendwacho kuliko vyote katika fani ile kilikuwa cha mtumishi wa barabarani, nacho kilijaa hesabu za nauli.

Niliyaandika upya, nikayapeleka katika jarida la chuo chetu, yakachapishwa. Mambo makubwa yaliamuliwa na wengine. Mwaka 2020 serikali ilipiga marufuku uchinjaji ule. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo. Na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, walikubaliana kuikomesha barani kote biashara ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi.

Jarida lilipotoka nilimpelekea mzee nakala, nikamsomea kando ya bomba huku mitungi ikijazwa. Alisikiliza mpaka mwisho bila neno. Kisha akaniomba nirudie mahali penye hesabu.

"Shilingi 500 kwa siku, umezidisha kwa siku ngapi kupata mwezi?"

"Siku 30, mzee."

"Toa Jumapili," akasema, akamgeuza punda.